Baridi ya Mbegu na Maua, Kutoka Tanga Mjini Hadi Shume

Mbegu ya epo iliyotolewa kwenye tunda la sokoni na kufukiwa siku ileile katika kopo la udongo, pale Ngamiani au Chumbageni, Tanga mjini, kwa kawaida haioti. Ukiichimbua baada ya mwezi na kuipasua, utakuta kiini cheupe, kigumu, kizima. Wenye makopo husema mbegu imepigwa dawa huko ilikotoka ili tusipate miti yetu wenyewe. Hakuna dawa. Mbegu iko hai, imelala, na inasubiri miezi ya baridi ambayo Tanga mjini haiji.

Asili ya epo ni milima ya Asia ya Kati, upande wa Kazakhstan. Huko tunda huanguka joto likiwa linaisha, na muda si mrefu theluji inaingia. Mbegu ambayo ingeota wiki hiyohiyo ingeuawa na barafu ikiwa na majani mawili. Zilizosalia vizazi kwa vizazi ni zile zinazokataa kuota mpaka zimepitia baridi ndefu. Kabichi, karoti na kitunguu wana tabia hiyohiyo kwenye maua: hawachanui mpaka baridi ya kutosha imepita, ili mbegu zao zikomae wakati hali ya hewa ni nzuri.

Mkoa wetu una bahati ya kuwa na pwani na milima kwa pamoja. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua takriban nyuzi 6 za sentigredi. Usiku wa Julai Tanga mjini huzunguka nyuzi 20. Lushoto mjini, mita kama 1,400 juu ya bahari, umeshapoteza nyuzi 8 au 9. Shume na kingo za msitu wa Magamba, karibu na mita 2,000, ni nyuzi 12 hivi. Yaani usiku uleule wa kipupwe ambao mtu wa Pangani anavuta shuka tu, bustani ya Shume inaweza kuwa kwenye nyuzi 8, na kule bondeni ambako hewa baridi hutelemka na kutuama, chini zaidi. Anayelima mkoa huu lazima ajue kila mmea anaoushika unaitaka baridi hiyo, unaivumilia, au unakufa nayo.

Tuanze na mbegu. Kosa linaloharibu kazi kuliko yote ni kuweka mbegu kavu kwenye friji na kudhani zimelazwa, yaani zimepewa baridi ya kuvunja usingizi. Pakiti kavu ndani ya friji ni ghala tu: mbegu hudumu hai muda mrefu, lakini usingizi wake haupungui. Baridi hufanya kazi ndani ya chembe hai zenye maji. Humo ndimo homoni inayozuia kuota, asidi ya absisiki, inapungua, na zile zinazosukuma kuota, jibereli, zinapata nguvu. Mbegu kavu haina maji ya kufanyia kazi hiyo. Freza nayo haifai, kwa sababu mbegu iliyolowa ikiganda, barafu hupasua chembe zake. Na hata pale isipopasua, chini ya sifuri kazi hiyo ya ndani husimama. Joto linalofaa ni nyuzi 3 hadi 5. Nyuzi 1 hadi 10 bado zinafanya kazi, ila polepole zaidi kadiri unavyokaribia ncha yoyote.

Muda hutofautiana. Epo na peasi huhitaji siku 60 hadi 90. Plamu na pichi siku 90 hadi 120. Hizi ni siku za mfululizo. Kuzitoa mchana na kuzirudisha usiku hakufai kitu.

Kazi yenyewe ni rahisi kama friji ipo. Osha mbegu mpaka utelezi wa nyama ya tunda uishe kabisa, kwa maana sukari iliyobaki ndiyo chakula cha ukungu. Loweka saa 24. Zinazoendelea kuelea baada ya hapo mara nyingi ni tupu, zitupe. Chukua mchanga wa mtoni, uoshe mpaka maji yatoke meupe, umwagie maji yanayochemka, uache upoe na ukauke. Kwa mbegu 50 za epo kikombe kimoja cha chai cha mchanga kinatosha, na kikombe hicho hunywa vijiko viwili vikubwa vya maji. Kipimo cha mkono ndicho cha mwisho: ukifumbata, mchanga ushikane, lakini tone lisitoke. Ukiona maji kati ya vidole, umezidisha, na mbegu zitaoza kwa kukosa hewa.

Pwani yetu haikosi makumbi, na unga wake unafaa kuliko mchanga, kwa sababu hushika unyevu bila kubana hewa. Lakini makumbi mengi yamelowekwa maji ya chumvi ili kutoa nyuzi. Lazima uyaoshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi mara tatu au zaidi, ukiacha yaloe usiku kucha kati ya muosho na muosho. Onja maji ya mwisho kwa ncha ya ulimi. Chumvi ikisikika, osha tena.

Changanya mbegu na mchanga au unga huo, tia kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko uliotobolewa matundu madogo kwa sindano, andika aina na tarehe, weka rafu ya katikati au ya chini. Usiligusishe na ukuta wa nyuma wa friji, maana pale huganda. Namba za swichi ya friji hazikuambii joto. Weka kipimajoto ndani ya glasi ya maji, kilale humo usiku mmoja, ndipo usome. Friji nyingi za majumbani zinazofunguliwa kila dakika zimo kwenye nyuzi 8 au 9, na wenyewe hawajui. Mbegu bado zitaiva humo, ila ongeza wiki mbili au tatu.

Kila wiki fungua, nusa, geuza. Harufu ya udongo mbichi ni salama. Harufu ya uchachu maana yake kuna mbegu inaoza: mwaga zote kwenye chujio, suuza, toa zilizolainika, badilisha mchanga. Ukungu mweupe juu ya ganda pekee hauui kiini, suuza uendelee. Umeme ukikatika saa chache hakuna kinachopotea iwapo mlango umebaki umefungwa. Ukikatika siku mbili na kopo likafika nyuzi 28, mbegu zilizokuwa karibu kuamka zinaweza kuingia usingizi wa pili, mzito kuliko wa kwanza, na hapo unaanza kuhesabu upya. Chupa mbili za maji yaliyoganda, ambazo daima ziko freza kusubiri siku kama hiyo, ukizihamishia pembeni mwa kopo zinakusogeza mpaka kesho yake.

Kuanzia wiki ya nane epo huanza kutoa mizizi myeupe humohumo kwenye baridi. Usisubiri zote. Kila iliyotoa mzizi itolewe na kupandwa siku hiyo, mzizi ukielekea chini, kina cha sentimita 1 hadi 1.5, kwa sababu mzizi uliorefuka ndani ya kopo hujikunja na kukatika wakati wa kuutoa. Udongo wa kitalu: sehemu tatu udongo wa juu, moja samadi iliyooza, moja mchanga. Ambazo hazijatoa mzizi usizipande kwenye udongo wa pwani wenye nyuzi 30, zitarudi kulala. Ndiyo maana tunahesabu kurudi nyuma. Anayetaka kupanda Tanga mjini Julai, kipupwe kikiwa kimekolea, ataziweka friji mwanzoni mwa Aprili. Wa Soni na Lushoto wana nafasi zaidi, lakini wakwepe kuzimwaga kitaluni katikati ya masika, maana ugonjwa wa kinyausi hukata miche shingoni usiku mmoja.

Neno moja kuhusu epo za dukani. Nyingi zimekaa miezi ndani ya vyumba vya baridi kabla ya kufika kwetu, kwa hiyo mara mojamoja ukikata tunda utakuta mbegu imeshatoa mzizi ndani yake. Ndizo hizo zinazowafanya watu waape kwamba epo inaota tu, haina masharti. Hata hivyo mche wa mbegu hauzai tunda la mama yake. Uchukulie kama shina la kubebeshea, kisha ubebeshe kikonyo cha aina unayoijua.

Pichi ina kokwa, na kokwa si usingizi, ni ukuta tu. Ukilaza kokwa zima ni sawa, ila maji huingia taratibu. Ukitaka kuharakisha, banisha kwenye jiliwa la seremala kwa kufuata mshono, ukikaza kidogokidogo mpaka lipasuke. Nyundo huponda kiini. Kiini kilicho wazi huoza upesi, kwa hiyo ukague kila siku tatu. Na viini hivyo visiachwe mahali pa watoto, vina kemikali inayotoa sianidi vikitafunwa.

Kuna wanaovua kiini, wakamenya hata ngozi yake ya kahawia, wakakiotesha bila baridi. Kinaota! Ila mche wake ni kibeti: majani yamekunjamana, vifundo vimebanana kama vimeshonwa pamoja, na ncha haipandi. Si ugonjwa wala si upungufu wa mbolea, na kuupigia dawa ya virusi ni kupoteza fedha. Kiini kimeruka ngazi ya baridi, na ncha ya mche bado inaidai. Mche huohuo ukipata wiki kadhaa za baridi baadaye, ncha huamka na kukua kwa kawaida.

Kwa wakulima wa pwani, mbegu inayosumbua zaidi ni saladi. Hii haihitaji miezi ya baridi. Inachokataa ni joto. Udongo ukipita nyuzi 25 hadi 28, aina nyingi hugoma, na udongo wa Tanga saa saba mchana hupita hapo kwa mbali. Mkulima humwaga pakiti nzima, hupata miche kumi, anakwenda kugombana na duka la pembejeo. Tandaza mbegu kwenye kitambaa kilicholowa, ukunje, tia ndani ya kopo, weka friji siku mbili au tatu. Panda jioni jua likizama, kwa sababu saa za mwanzo mbegu inaponyonya maji ndizo zinazoamua, na usiku una unafuu. Kina kisizidi nusu sentimita, maana aina nyingi zinataka mwanga pia. Funika kichanja cha makuti sentimita 50 juu ya tuta, mwagilia asubuhi na jioni, na ukiondoe miche ikishatoa jani la kweli la kwanza, ukichelewa hurefuka na kulala.

Sasa upande wa pili, ambako friji ni kaburi. Mbegu nyingi za misitu ya joto hazilali kabisa, na haziwezi kukauka wala kupoa. Kakao, shokishoki, doriani, fenesi, embe, karafuu, mdalasini: hizi zinatakiwa ardhini ndani ya siku chache tangu zitoke kwenye tunda. Kakao hufa hata kwenye baridi ya kawaida ambayo mboga inaifurahia. Wanaonunua mbegu za viungo Muheza na maeneo ya Amani wakazibeba kwenye boksi la barafu ili zifike zikiwa mbichi hufika na maiti. Zifunge kwenye unga wa makumbi wenye unyevu kidogo, mfuko uwe na matundu, kivulini, na zipandwe kesho yake. Parachichi huvumilia ubaridi kidogo, lakini nayo haipati faida yoyote.

Kundi jingine ni wenye maganda magumu. Mkrismasi na migunga usingizi wao uko kwenye ganda lisilopitisha maji. Maji ya moto yaliyoepuliwa, mbegu zikalala humo mpaka yapoe, yanatosha. Mtiki, ambao Muheza wanaujua vizuri kwa ajili ya shamba la Longuza, hupenda kulowekwa usiku na kuanikwa juani mchana, kwa wiki moja mpaka mbili. Anayelaza mtiki kwenye friji miezi mitatu hapati kitu.

Maua ni habari nyingine, ingawa shina lake ni lilelile. Mwaka 1918 mtaalamu wa mimea Gustav Gassner wa Ujerumani alionyesha kwamba nafaka za majira ya baridi zikipewa baridi zikiwa mbegu zilizolowa au miche midogo, huchanua. Zisipopewa, hubaki majani. Baadaye Trofim Lysenko, mtaalamu wa kilimo, alilitangaza jambo hilo Urusi ya Kisovieti na kudai kwamba mtoto hurithi baridi aliyopata mzazi. Alikosea. Katika mmea mdogo uitwao Arabidopsis, ndugu wa mbali wa kabichi, kuna jeni FLC inayozuia maua. Wiki za baridi huizima polepole, nayo hubaki imezimwa hata joto likirudi. Lakini mbegu mpya inapotengenezwa, kizuizi huwashwa tena. Mbegu ya kabichi iliyokomaa Shume, ikipandwa Pangani, inaidai baridi upya yote.

Baridi hii husikika kwenye ncha ya ukuaji, si kwenye mizizi wala majani makubwa. Kumwagilia maji ya barafu kwenye shina la kabichi, kama wengine wanavyojaribu, hakuna maana. Na kabichi ikiwa mtoto haisikii kabisa. Ni lazima shina lake lifike unene wa penseli, milimita 6 hivi, na majani saba mpaka tisa. Baada ya hapo wiki sita hadi nane za nyuzi 4 hadi 10 huigeuza ielekee kwenye maua.

Matokeo yake kwa mkulima wa Lukozi au Mlalo, huko milimani Lushoto, ni haya: miche iliyochelewa kitaluni ikanenepa, ikapandikizwa mwanzoni mwa Juni, inaingia kipupwe ikiwa tayari imefika umri wa kusikia. Agosti na Septemba baadhi zinatoa shina la maua badala ya kufunga. Hamisha miche ikiwa na wiki nne au tano, hata kama inaonekana midogo mno kwa macho ya jirani. Chainizi ni kali zaidi, kwa sababu husikia baridi tangu iko mbegu inayoota: wiki moja au mbili chini ya nyuzi 13 zinatosha kuikimbiza kwenye maua. Kwa hiyo kitalu cha chainizi mlimani Julai kifunikwe nailoni usiku, na mchana kifunuliwe pembeni ili joto lisizidi.

Anayetaka mbegu anafanya kinyume. Aiache kabichi inenepe na kufunga kabla ya kipupwe, na aiache ilale shambani. Shina la maua likianza kusukuma kutoka ndani, akate msalaba juu ya kichwa, kina cha sentimita 3 au 4, ili lisijikunje na kuoza humo. Sukuma wiki ni spishi moja na kabichi, na nyuki hawajali mpaka wa shamba. Zikichanua pamoja, mbegu utakayovuna itakupa vitu visivyo kabichi wala sukuma. Umbali wa kilomita moja ndio wa chini. Na usijisumbue na mbegu za chotara la kwanza, watoto wake hutawanyika, hawafanani na mama.

Karoti za aina ya Nantes na Chantenay hutaka wiki kadhaa chini ya nyuzi 10 zikiwa zimeshajenga mzizi. Ng'oa karoti nzuri, kata majani yabaki sentimita 2 au 3, zifukie kwenye mchanga wenye unyevu ndani ya friji kwa wiki nane, kisha zipande tena, shingo iwe usawa wa udongo. Kitunguu maji kina utamu wake: kichwa kilichokaa nyuzi 8 hadi 13 kwa miezi miwili hutoa maua kikipandwa, na kilichokaa kwenye nyuzi 28 mpaka 30 kwa kawaida hakitoi, kinarudi majani tu. Joto hilo hilo hufuta baridi iliyokwisha kukusanywa kama haijakamilika. Wakulima wa Usambara wanaotengeneza mbegu ya kitunguu wanapoteza kazi yao kwa kushusha vichwa kwenye joto la Mombo au Korogwe kuvihifadhi kwenye stoo ya bati. Viachwe juu, kwenye kichanja chenye upepo, visirundikwe zaidi ya tabaka tatu.

Kuna jambo moja ambalo friji haiwezi kutatua. Mimea mingi ya Ulaya ikishapata baridi hutaka na siku ndefu ndipo ichanue. Tanga iko nyuzi 5 kusini mwa ikweta, na tofauti kati ya siku ndefu kabisa na fupi kabisa ya mwaka ni takriban nusu saa. Ngano ya majira ya baridi inaweza kupozwa ipasavyo na bado ikasuasua. Kitunguu saumu kina afadhali, kwa kuwa baridi hupunguza hitaji lake la siku ndefu: punje zilizokaa nyuzi 5 hadi 10 kwa wiki sita hadi nane kabla ya kupandwa hufunga kichwa mapema zaidi. Zisizopozwa, zikipandwa mahali pa joto, hutoa kitu cha duara kisichogawanyika punje, kama kitunguu kidogo. Watu hudhani ni mbegu feki. Punje hazikupata baridi, basi. Vitunguu vya maua ya tulipu ambavyo ndugu walio Ulaya hupenda kutuma hutaka wiki 12 hadi 16 za friji, na visikae na matunda yanayoiva, kwa maana gesi ya ethilini huua ua likiwa bado ndani ya kitunguu chake.

Pwani nako kipupwe kinafanya kazi, ila kwa upole. Embe na chungwa hazihitaji nyuzi 5. Kwao usiku ulio chini ya nyuzi 20, ukiambatana na ukame, ni ishara ya kutosha. Mwembe huchanua kwenye matawi yaliyokaa miezi minne au zaidi bila kuchipua. Mvua za nje ya msimu au mbolea ya naitrojeni Aprili na Mei huleta majani mekundu mapya, na tawi lililochipua karibu halisikii ubaridi, linakaa na majani mwaka huo. Samadi ya mwembe iwekwe baada ya mavuno. Michungwa ya Muheza hutegemea ukame kuliko baridi. Wiki kadhaa za kiu, kisha mvua, ndipo maua. Rangi ya kijani inayobaki kwenye machungwa yetu yaliyoiva vizuri inatokana na usiku kutokuwa na baridi ya kuvunja ukijani wa ganda. Sukari ndani imo, ila mnunuzi asiyejua hushusha bei.

Turudi kwenye epo, safari hii mti mzima. Vipimo vya zamani huhesabu saa ambazo joto liko kati ya 0 na nyuzi 7.2. Epo za kawaida za Ulaya na Marekani hudai saa 800 hadi 1,200. Aina ya Anna, iliyozalishwa Israel, huridhika na 200 hadi 300, na Dorsett Golden ya Bahamas hudai chache zaidi. Hesabu ya Shume: ikiwa usiku unakaa chini ya nyuzi 7.2 kwa saa nne, usiku 60 wa kipupwe unatoa saa 240. Anna iko mpakani, zile za kawaida za Ulaya na Marekani hazifiki. Na baridi hii ni kama umeme wa LUKU, yuniti zinaongezeka usiku na mchana wa jua kali unazila, kwa hiyo 240 za kwenye karatasi si 240 za ndani ya jicho la mti, yaani chipukizi lililofumba. Kutaneni na hesabu hiyo kabla ya kununua mche, si baada. Panda Anna na Dorsett Golden pamoja, safu moja kwa nyingine, kwa kuwa huchanua wakati mmoja na huchavushana.

Mti uliokosa baridi unajieleza wenyewe. Ncha za matawi zina kishada cha majani, katikati ni mtupu. Maua yanatoka kwa mafungu miezi miwili au mitatu, na tawi moja hubeba ua, kitunda na tunda lililoiva. Wengi huita hali hiyo kuzaa mwaka mzima na kuifurahia, mpaka waone ukubwa wa matunda na kazi ya kupiga dawa isiyokwisha.

Huko Batu, Java Mashariki, Indonesia, wanalima epo aina ya Rome Beauty bila baridi ya kutosha na kuvuna mara mbili kwa mwaka, kwa kuuwahi mti kabla haujalala. Milima yetu inaweza kuiga. Baada ya mavuno mpe mti samadi na maji, kisha subiri takriban mwezi mmoja majani yajaze akiba kwenye macho. Punguza maji. Kisha vua majani yote kwa mkono, ukivuta kuelekea ncha ya tawi ili jicho lililo kwenye kwapa lising'oke. Siku hiyohiyo inamisha matawi yaliyosimama wima, uyafunge kwa kamba ya katani yafike karibu na ulalo, kwa sababu tawi wima huamsha ncha peke yake. Mwagilia vizuri. Macho huvimba ndani ya wiki mbili au tatu. Usiache majani machache kwa huruma. Yaliyobaki ndiyo yatakayozuia macho ya karibu nayo.

Mti ulio chini ya miaka mitatu usiguswe, hauna akiba. Wenye ukungu wa majani au mzizi mbovu pia uachwe. Na ikiwa miezi mitatu imepita tangu mavuno na macho yamekuwa ya kahawia, magumu, yamebanwa, ujue mti umeshaingia usingizi mzito: kuuvua majani wakati huo hakuuamshi, unaukausha tu. Uache upite kipupwe kwa kasi yake, pogoa matawi yaliyokufa, na uwahi mavuno yanayofuata.